Uzoefu wangu na nozeli za ukungu: ya kwanza ilitulowesha, ya pili ndo ikatupoza

Nimetumia hizi nozeli za ukungu za barazani (vidude vya kupuliza maji kama ukungu ili kupoza hewa) karibu miezi minne sasa, kwahiyo naongea nilichokiona. Seti ya kwanza ilikuwa ile ya kuunga moja kwa moja kwenye bomba, haina pampu, na kwakweli ilinikera, matone makubwa yanadondoka mpaka sakafuni yakiwa bado maji, viti chapachapa, watu wanahama, na joto liko palepale. Yani tone likifika chini bila kugeuka mvuke ni kama umelimwaga tu, sababu kupasha kilo moja ya maji nyuzi 1 kunakula joto kama kilojuli 4 (kilojuli ni kipimo cha nishati), lakini kuigeuza mvuke kunakula kama 2,450, na hilo joto lote linachotwa kwenye hewa iliyokuzunguka.

Nikaongeza hela nikachukua ya pampu ya presha, nozeli zake zina tundu dogo sana. Tone likipungua upana kwa nusu linakauka kwa robo ya muda, tena linashuka kwa robo ya spidi, kwahiyo umbali linaoanguka kabla halijaisha unabaki 1/16! (Hiyo ni kwa matone madogo ya ukungu, ya mvua hesabu yake nyingine.) Sasa ukungu unapotelea juu ya vichwa, meza kavu, na mchana wa nyuzi 35 themomita ya barazani ilishuka hadi 28. Hapo hata maji hayaendi mengi, gramu 1 ikikauka kwenye mita moja ya ujazo ya hewa inashusha kama nyuzi 2.

Ila wauzaji wanaosema inapoza popote msiwasikilize. Kabla hujalipa funga kitambaa kibichi kwenye themomita uipepee, pale namba inaposimama ndo mwisho, chini ya hapo haishuki hata ufunge nozeli 100. Ile siku ya nyuzi 35, hewa ikiwa kavu, kilisoma 22. Siku nyingine hewa nzito yenye unyevu mwingi, nyuzi 31, kitambaa kikasoma 28, tukawasha, jasho lenyewe likakataa kukauka, nikazima.

Maji yenye chokaa nayo yanaacha unga mweupe kwenye vioo na kuziba tundu, nimeshaziloweka kwenye siki mara mbili. Na pampu inaunguruma jamani.

Hii naipa nyota 4. Ile ya kwanza 1, na hiyo 1 ni ya mpira wake, namwagilia nao maua.