Pete ya inchi 2⅝ ya kukagulia magongo ya besiboli: inafaa, ila si kwa kazi inayosifiwa

Mkoba wa mwamuzi wa besiboli ya sekondari nchini Marekani haukosi kifaa hiki: pete ya alumini, au bapa la plastiki ngumu lenye tundu, ambalo gongo (la kupigia mpira, si lile la kunywa) hupitishwa kabla ya mechi kuanza. Likipita, watu hupumua. Likikwama, kocha anaitwa. Ni kifaa rahisi, hakina betri wala springi, na mwamuzi mgeni hujifunza kukitumia kwa dakika moja. Tatizo ni kwamba dakika hiyo moja humfanya aamini kuwa ameshakagua gongo, kumbe amepima unene tu.

Kanuni za NFHS, shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya sekondari lenye makao yake Indianapolis, zinadai mengi zaidi kwa gongo lisilo la kipande kimoja cha mti. Unene usizidi inchi 2⅝ (kama milimita 66.7) mahali tumbo, yaani sehemu nene ya kupigia, lilipo kubwa kuliko pote. Urefu usizidi inchi 36. Uzito, kwa tarakimu, usipungue urefu kwa zaidi ya 3, maana yake gongo la inchi 33 lisiwe chini ya aunsi 30. Tangu tarehe 1 Januari 2012 lazima pia liwe na muhuri wa BBCOR, kipimo cha jinsi ukuta wa gongo unavyourudisha mpira. Kisha lisiwe na ufa, bonyeo, ncha kali wala kitu kinachocheza ndani. Katika orodha yote hiyo pete inajibu swali moja, na nusu ya swali jingine.

Nusu hiyo ndiyo inayotufanya tuendelee kuibeba. Ishike pete kwa vidole viwili, iingize kutoka ncha ya gongo, iachie ishuke kwa uzito wake mpaka shingoni. Usisukume. Gongo halali lililo duara sawasawa litaonyesha uwazi mwembamba kuzunguka tumbo lote. Inapoegemea upande mmoja na mwanga kuonekana upande wa pili, zungusha gongo robo duara halafu uachie tena. Ikikwama kwenye pembe ileile kila mara, tumbo limeacha kuwa duara: limebonyea upande mmoja na kuvimba upande mwingine, au nyuzi za kaboni za ndani zimeachana na ukuta umeinuka. Gongo la alumini lililopigwa mipira migumu msimu mzima hupata mabonyeo ambayo jicho halioni kwa sababu ya rangi na michoro, lakini pete huyakamata. Kwa hilo tunaipa alama za juu.

Ikikwama, usikimbilie kutoa hukumu. Futa tumbo la gongo kwanza. Lami ya mti inayopakwa mpinini huhamia tumboni magongo yanaporundikwa mkobani, na utando mwembamba tu unatosha kusimamisha pete, kwa kuwa nafasi iliyopo ni ndogo sana. Stika ya jina la mchezaji hufanya vivyo hivyo. Angalia na pete yenyewe: ya plastiki iliyoanguka kwenye zege hupata kipele ukingoni, na gongo ndilo litakalolaumiwa kwa kipele hicho.

Sasa yale inayoyapitisha. Gongo la softiboli lina tumbo la inchi 2¼, kwa hiyo linapita kama mtu anayepita mlango wa kanisa, na bado haliruhusiwi. Magongo ya vijana wadogo yenye muhuri wa USABat, uliotakiwa kwenye ligi za watoto kuanzia Januari 2018, mengi yana tumbo la inchi 2⅝ hasa. Yanapita pete ilhali uzito wake uko aunsi 5, 8 au hata 10 chini ya tarakimu ya urefu. Magongo ya zamani yenye muhuri wa BESR, kipimo kilichotangulia BBCOR, nayo yanapita. Haya huibuka kutoka stoo za shule, hasa timu za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zinapogawiwa vifaa vilivyobaki. Lililokwanguliwa ndani ili ukuta uwe mwembamba linapita kwa raha kuliko yote, maana aliyelikwangua hakugusa nje. Kundi moja ambalo pete hulinasa papo hapo ni magongo ya vijana yenye tumbo la inchi 2¾. Ila hayo hata bila pete utayatambua: ni manene kwa macho, na muhuri wake ni wa USSSA, chama kingine cha michezo.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza ni macho, na kitu cha kwanza kuangaliwa ni muhuri. Muhuri halali wa BBCOR ni wa mstatili, kila upande usiopungua nusu inchi, umechapwa moja kwa moja kwenye tumbo la gongo kwa rangi inayotofautiana na rangi ya chini yake, nao unataja kiwango cha .50. Kiwango hicho ni kikomo cha jinsi ukuta wa gongo unavyoruhusiwa kuurudisha mpira. Maabara hufyatua mpira kwa mzinga kuelekea gongo lililofungwa kwenye egemeo, hupima kasi ya kuja na ya kurudi, kisha hukokotoa. Maabara ya sayansi ya michezo ya Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii, na ndiyo huweka orodha ya magongo yaliyopita pamoja na yaliyonyang'anywa kibali baadaye. Usiidharau orodha ya pili. Mwaka 2012 gongo la Marucci CAT5² la inchi 33 lilifutiwa kibali likiwa na muhuri halisi, uliochapwa kiwandani. Hapo muhuri hausaidii kitu, ni lazima ujue jina la modeli na urefu wake. Chapa orodha hiyo, ikunje, iweke ndani ya kofia.

Kisa cha pili cha muhuri ni stika. Muhuri unaotakiwa ni wa kudumu, kwa hiyo ukiweza kuinua kona yake kwa kucha, hiyo ni bandiko la mtu. Gongo la mti wa kipande kimoja halihitaji BBCOR, na hapa wengi huteleza: mianzi iliyounganishwa kwa gundi na mbao za vipande vilivyounganishwa hufanana na mti, lakini si kipande kimoja, hivyo muhuri unatakiwa. Tazama ncha ya gongo. Mistari ya kuunganishia huonekana hapo wazi, hata kama tumbo limepakwa rangi nzito.

Mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, tunaipendekeza kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti kwamba utajua mipaka yake. Nyingi husoma kwa hatua za gramu 10, yaani kama theluthi ya aunsi. Kwa hiyo haifai kugombania nusu aunsi, bali kumkamata anayedai gongo lake ni inchi 33 kwa aunsi 30 wakati tarakimu za kwenye kifundo, kinundu cha mwisho wa mpini, zimefunikwa na utepe na gongo lenyewe lina aunsi 25. Kumbuka utepe mnene wa mshiko huongeza uzito, hivyo gongo halali mara nyingi husoma zaidi ya kilichoandikwa. Lililo jepesi kuliko maandishi yake ndilo la kutiliwa shaka. Kuhakiki mizani hakuhitaji jiwe la mizani: mpira wa besiboli una uzito wa aunsi 5 hadi 5¼, basi mipira sita mipya ndani ya mfuko, ukishatoa uzito wa mfuko, isome kati ya 30 na 31½. Isiposoma hivyo, iache garini.

Utepe wa kupimia haukwepeki. Mshiko wa gongo lisilo la mti uanzie kwenye kifundo na kufika angalau inchi 10, usizidi 18. Lami ya mti na unga wa kukausha mikono vikae ndani ya eneo hilohilo. Wanaozidisha huzidisha lami, si utepe. Mshiko na kifundo vilivyotengenezwa kama kipande kimoja cha raba haviruhusiwi, na wala utepe usizungushwe mpaka kifundo kikalingana na mpini na mkono ukakosa cha kukizuilia.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni ya vidole na masikio. Pitisha ukucha kutoka shingoni hadi nchani, mara nne kwa kuzungusha. Ufa wa rangi hauushiki ukucha; ufa wa nyuzi huushika, na ukibonyeza kwa gumba pembeni yake utasikia mlio mdogo kama wa karatasi ngumu. Baridi huzidisha nyufa hizi kwenye magongo ya nyuzi za kaboni, na mechi za mwanzo wa msimu katika majimbo ya kaskazini huchezwa kwenye baridi hasa. Usimruhusu mtu alete kifaa cha kupashia gongo joto kama suluhisho. Gongo lililopashwa kwa kifaa huhesabiwa kuwa limebadilishwa, hata lingekuwa jipya dukani.

Tikisa gongo karibu na sikio. Kitu kikilialia ndani, mara nyingi ni donge la gundi lililobanduka, na kanuni hazitofautishi: linalotoa sauti linaondoka. Kisha shika kifuniko cha ncha, jaribu kukizungusha. Kisicheze hata chembe. Chunguza mpaka wake na tumbo: gundi ya kiwandani hulala sawa kote, ilhali gundi ya mtu huacha vimbe na mapengo, na rangi ya ukingo huwa na mikwaruzo ya bisibisi. Kifuniko kilichofunguliwa ni mlango wa kukwangulia ukuta. Lililosagwa kati ya magurudumu ili nyuzi zilegee ni gumu zaidi kulitambua. Dalili ni mistari myembamba ya utando kote tumboni na mng'ao wa michirizi iliyonyooka, lakini gongo lililopigiwa sana kihalali nalo hupata utando. Kwa dalili hizo pekee hatungemshtaki mtu.

Kuna watakaokwambia ununue kipimo cha mgandamizo: mkono wa chuma unaobana tumbo kwa umbali maalumu na kusoma nguvu iliyohitajika. Katika softiboli ya watu wazima na besiboli ya vyuo kifaa hiki kina nafasi yake. Kwa sekondari tunakikataa. Kanuni hazimtaki mwamuzi awe nacho, usomaji hubadilika kwa joto, na lazima ubane sehemu kadhaa kuzunguka tumbo kwa sababu nyuzi hazina ugumu sawa kila upande. Ukikitumia kumwondolea mchezaji gongo, utaulizwa kanuni gani, na hutakuwa na ukurasa wa kuonyesha.

Lililo muhimu kuliko vifaa vyote ni kujua umeshika gongo la aina gani ukishalipata. Lililopasuka au kubonyea linaondolewa bila adhabu. Mchezaji achukue jingine, mchezo uendelee. Lisilo halali ni habari nyingine. Mpigaji akiingia tu nalo kwenye boksi la kupigia, hata kabla ya kurushiwa mpira, ametoka. Akigundulika baada ya kupiga lakini kabla ya mrusho unaofuata, timu inayolinda huchagua kati ya adhabu na matokeo ya mchezo ulivyokwenda. Kocha mkuu, ambaye kwenye kikao cha kabla ya mechi alithibitisha kuwa vifaa vyote ni halali, hufungiwa benchini mpaka mwisho, na kosa la pili ni kutolewa uwanjani. Uthibitisho ni wa kocha, si wako. Vyama vya majimbo vinatofautiana kuhusu kiasi gani waamuzi wakague kabla ya mechi, basi soma mwongozo wa jimbo lako kabla hujapanga magongo 20 kwenye uzio.

Ukiamua kununua pete, chukua ya alumini iliyolainishwa ukingo wa ndani. Isiyolainishwa hukwangua rangi, na mzazi ataona. Bapa lenye matundu mawili, la 2¼ na la 2⅝, linafaa kwa anayechezesha na softiboli pia, ila funika tundu lisilotumika kwa plasta siku hiyo. Gongo la besiboli kukwama kwenye tundu la softiboli ni kosa la kawaida kuliko mtu yeyote anavyokubali. Beba na kitambaa chenye spiriti. Pete iliyogusa lami ya mti kwenye gongo la tatu itakwama kwenye la nne, la tano na yote yanayofuata, na mikoba miwili itakuwa imeshafunguliwa kabla hujagundua uchafu uko upande wako.