Kliniki ya daktari wa usingizi kabla ya oparesheni: kama una mzee usiiruke

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya foleni, mzee wa miaka 76 anakaa kwenye benchi la mbao toka asubuhi mpaka adhuhuri, hapana jamani, hilo warekebishe.

Ila ukishaingia ndani aisee. Mzee wetu alikuwa anaenda kufanyiwa tezi dume, ana presha, na mwaka juzi alipata kiharusi, kwa hiyo daktari akaanzia hapohapo, kilimpata mwezi gani, mkono umerudi kiasi gani, anameza dawa zipi, maana oparesheni isiyo ya dharura ikifanywa miezi ya mwanzo baada ya kiharusi hatari ya kupata kingine inakuwa kubwa, bora kusubiri.

Nikamuuliza kuhusu kile nilichosoma, kwamba nusu kaputi yenyewe inalinda ubongo. Hakunizungusha. Akasema ni kweli kwa panya vijana wa maabara, wakivutishwa isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, kabla mshipa wa ubongo haujazibwa, sehemu ya ubongo inayokufa inakuwa ndogo kwa sababu seli zinakuwa zimeshajiandaa, lakini kwa panya wazee faida hiyo inapungua sana, seli zao haziitikii tena vile. Na kwa binadamu kuna utafiti wa GALA wa 2008, wagonjwa zaidi ya 3,500 wa oparesheni ya mshipa wa shingo, waliolazwa usingizi na waliochomwa ganzi, ukijumlisha kiharusi, shambulio la moyo na vifo ndani ya siku 30 ni asilimia 4.8 kwa 4.5, yaani karibu sawa tu.

Kwa hiyo kazi ya kuulinda ubongo wa mzee anaibeba daktari mwenyewe: presha isishuke, oksijeni itoshe, dozi ipunguzwe, maana ukipita miaka 40 mahitaji ya dawa ya kuvuta yanashuka kama asilimia 6 kila miaka 10. Mimi hapo ndipo nilipomwamini, angeweza kunipa maneno matamu tu nikaondoka.

Mzee akachomwa sindano ya ganzi ya mgongo, presha wakawa wanaipima muda wote. Tuliambiwa pia tulete miwani yake avae mapema akishatoka, wazee wengi wanachanganyikiwa baada ya oparesheni.

Mkienda bebeni dawa zote kwenye paketi zake, na ile ya kulainisha damu msimwachishe wenyewe kabla hamjamuuliza daktari.