Nafuu ya kodi ya dola 8,000 kwa wanunuzi wa nyumba ya kwanza Marekani: nyota tatu

Naipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za toleo la 2009. Lile la 2008 lingekuwa peke yake hata mbili nisingetoa. Watu wengi wanadhani ilikuwa kitu kimoja, kumbe zilikuwa mbili na tofauti yake ni hela ndefu.

Ya kwanza ilipitishwa Julai 2008, soko la nyumba limeshaanguka, ikasema ukinunua nyumba yako ya kwanza unapata asilimia 10 ya bei, mwisho dola 7,500. Tamu kusikia ila ukisoma masharti ule ulikuwa mkopo usio na riba, unarudisha kama dola 500 kila mwaka kwa miaka 15, kuanzia ritani (fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka) ya 2010 mpaka ya 2024. Halafu Februari 2009 wakabadilisha, aliyenunua kuanzia Januari 1 mwaka huo akawa anapata mpaka dola 8,000 na harudishi chochote, mradi akae kwenye hiyo nyumba miaka mitatu. Sasa chukua wawili, mmoja kakabidhiwa funguo mwishoni mwa Desemba 2008 mwingine Januari, nyumba zimepakana, bei ileile, mmoja kapewa hela yake moja kwa moja na mwenzake anakatwa miaka 15. Hili mimi sijawahi kulikubali, wale wa 2008 walitakiwa wasamehewe deni basi.

Kilichonifurahisha ni kwamba ilimfikia mtu wa kipato cha kawaida kweli. Nafuu nyingi za wenye nyumba zinamfaa zaidi mwenye mshahara mnono, lakini hii ilikatwa kwenye kodi ya mapato yenyewe, siyo kwenye kipato kinachotozwa, na kama kodi yako yote ni dola 3,000 zile 5,000 zinazobaki unaletewa mkononi. Na "mnunuzi wa kwanza" maana yake hujamiliki nyumba ya kuishi kwa miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo hata aliyewahi kuwa nayo zamani akaipoteza alikuwemo.

Ila hela inakuja baada ya kununua, na kinachomkwamisha mpangaji ni kianzio, kile cha kutoa siku ya kusaini. Ukiwa huna kianzio, dola 8,000 za miezi kadhaa mbele zinakusaidia nini? Ndo maana naona wengi walioifaidi ni watu ambao wangenunua tu, leo au mwakani. Na makaratasi nayo, mwanzoni ilikuwa rahisi mno mpaka wakaguzi wakakuta imeombwa kwa jina la mtoto wa miaka minne, basi wakabana, ukawa unajaza fomu 5405 unaambatanisha na nakala ya hati ya kukamilisha mauzo yenye saini, unatuma kwa posta maana kwa intaneti haipokelewi, unakaa unasubiri.

Tuje kwenye mauzo, ambako ndiko sifa zake zinapotoka. Dedilaini ya kwanza ilikuwa Novemba 30, 2009, mauzo yakapanda sana vuli ile, Desemba yakaporomoka. Bunge likaongeza muda, mkataba usainiwe mwisho Aprili 30, 2010, watu wakakimbizana tena, na Julai mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yakadondoka asilimia 27 kwa mwezi mmoja, kasi ya mwezi huo ukiihesabu kwa mwaka mzima ikafika nyumba milioni 3.83, chini kabisa tangu hesabu hiyo ianze 1999. Kazi zilikuwa hakuna pia, sawa, lakini ajira hazikupotea zote mwezi mmoja, wateja wa Julai walishavutwa wakanunua Aprili.

Na aliyekimbizwa na dedilaini ndo namhurumia zaidi, maana bei ziliendelea kushuka mpaka mwanzoni mwa 2012. Nyumba ya dola 160,000 ikishuka asilimia 5 tu, dola 8,000 zako zimekwisha. Riba nayo, Aprili 2010 mkopo wa miaka 30 ulikuwa kama asilimia 5.1, ilipofika Oktoba ni kama 4.2, yaani aliyetulia bila nafuu yoyote kapata riba nzuri zaidi kwa miaka yote 30. Dalali wa wakati ule hakuwa na sababu ya kukwambia subiri, yeye kamisheni yake inakuja siku unasaini.

Mwaka 2021 kuna mswada wa dola 15,000 ulipelekwa bungeni ukaishia njiani. Wakirudi na nyingine mimi nataka hela itolewe mezani siku ya kukamilisha mauzo, iingie kwenye kianzio, na badala ya kukatwa ghafla kwa tarehe moja ipungue kidogokidogo ili mtu apate nafasi ya kukagua paa na mabomba kabla hajasaini. Hapo nyota ya nne natoa.