Fimbo ya futi 7 na rili ya bobini inayozunguka kwa uvuvi wa besi: tathmini baada ya msimu mzima

Msimu wote huu nimevua samaki aina ya besi, hasa yule mwenye mdomo mpana, kwa seti moja tu: fimbo ya futi 7, yaani sentimita 213, yenye ugumu uliozidi wastani kidogo na mpindo wa haraka, pamoja na rili, yaani kifaa cha kukusanyia mshipi, ndogo iliyolala karibu na fimbo, ambayo bobini yake huzunguka wakati mshipi unatoka. Uwiano wa gia zake ni 7.1 kwa 1. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa vipimo hivi hutolewa na watengenezaji wengi kwa mtu anayetaka seti moja ya kufanyia kazi nyingi, na ninayoyaandika yatamfaa mnunuzi popote atakapoikuta seti ya namna hii. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika uvuvi huu kuchagua ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayenunua aanze na uzito wa chambo atakachorusha, kutoka hapo atafute fimbo, na rili iwe ya mwisho. Mimi nilianza na rili, nikaifungia chambo chepesi mno, na wiki tatu za kwanza nilizitumia zaidi kutatua mshipi kuliko kuvua.

Chanzo cha matatizo hayo kinaeleweka ukiitazama rili inavyofanya kazi. Katika rili ya kawaida ya kujifunzia, bobini husimama tuli na mshipi huchomoka pembeni mwake. Katika hii, chambo kinaporuka huivuta bobini izunguke, nayo huzidi kushika kasi. Kisha chambo hupunguzwa mwendo na hewa, ilhali bobini bado inakimbia. Mshipi unaoachiwa unakuwa mwingi kuliko unaovutwa, mizunguko inalegea na kupandana, na kwa kufumba na kufumbua umebaki na kichaka cha mshipi mkononi. Sehemu kubwa ya bei ya rili za aina hii inalipia namna ya kulizuia jambo hilo moja. Si ajabu kwamba mmoja wa watengenezaji wake wa mwanzo, George Snyder wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, Marekani, aliyezitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa fundi saa: bobini inayoelea juu ya ekseli bila kuyumba ni kazi ya mkono uliozoea vitu vidogo.

Usumbufu huo una malipo yake. Kidole gumba kinakaa juu ya bobini muda wote, kwa hiyo unaweza kukisimamisha chambo hewani na kukilaza kando ya kisiki bila kishindo. Tena bobini inazunguka kwa kufuata mwelekeo ambao mshipi unavutwa, haiusokoti mshipi, na inabeba mshipi mnene unaoweza kumng'oa samaki katikati ya magugu maji kabla hajajizungusha humo. Besi mkubwa hupenda kujificha mahali ambapo mshipi mwembamba hukatika, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuvumilia kujifunza.

Nianze na fimbo. Juu ya mpini imeandikwa kwamba inabeba chambo cha gramu 7 hadi 28 na mshipi unaohimili pauni 12 hadi 20. Nilipima vyambo vyangu kwenye mizani kimoja kimoja, nikavirusha. Chambo cha gramu 7 hakikuipinda fimbo hata kidogo; ilibaki kama mti mkavu, na nguvu yote ikawa ya mkono wangu, jambo linaloifanya bobini ianze kwa mshtuko na kutatana mapema. Kuanzia gramu 10 ncha ilianza kurudi nyuma na kujifyatua yenyewe, na kati ya gramu 14 na 18 fimbo hii ni raha tupu: unaizungusha polepole, unaisikia ikijaa uzito kwenye kiganja, nayo inarusha karibu bila kulazimishwa. Gramu 28 inazibeba, ila inalegea, na shabaha inapotea. Kwa hiyo namba zilizoandikwa si za uongo, lakini ni mipaka ya kile fimbo inachovumilia, na anayetaka kurusha vizuri achague fimbo ambayo chambo chake cha kila siku kinaangukia katikati ya namba hizo. Anayependa vyambo vya chini ya gramu 7 asiinunue. Rili ya bobini tuli itamtumikia vizuri zaidi.

Mpindo wa haraka maana yake ni kwamba fimbo hupinda karibu na ncha tu, na chini yake ni ngumu. Kwa mnyoo wa mpira wenye ndoana moja nene, au chubwi yenye ndoana inayokokotwa sakafuni, hilo ndilo linalotakiwa, maana ndoana hiyo inahitaji msukumo mkali ili ipenye taya. Kwa samaki bandia wa mbao au plastiki mwenye ndoana ndogo za meno matatu, ugumu huo ni kasoro. Asubuhi moja nilikosa besi watatu mfululizo kwa chambo cha namna hiyo. Kila mmoja aliruka juu ya maji, akatikisa kichwa, na ndoana ikachomoka. Wa tatu alifika karibu kiasi kwamba niliona tundu lililopanuka pembeni mwa mdomo wake. Fimbo haikupinda vya kutosha kumfuata, na ndoana ndogo ikararua nyama. Tangu siku ile vyambo hivyo navitumia kwenye fimbo nyingine yenye mpindo wa wastani, na siilaumu hii kwa kazi isiyo yake.

Pete za kupitishia mshipi zimepangwa vizuri na ni nyepesi. Kabla ya kununua, funga rili, pitisha mshipi, pinda fimbo taratibu na uangalie kama mshipi unafuata mkunjo wa fimbo au unakata kona na kugusa mti kati ya pete mbili. Kila baada ya safari chache pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pete yangu ya nne ilionekana nzima kwa macho, lakini pamba iliacha nyuzi tatu zimenasa: kulikuwa na ufa usiozidi unywele, uliotokana na kugonga ukingo wa mtumbwi, na ufa huo ungeukwangua mshipi hadi ukatike kwa samaki wa kwanza mzito.

Kuhusu rili, uwiano wa 7.1 kwa 1 una maana kwamba mzunguko mmoja wa mkono wa rili huizungusha bobini mara saba na kidogo. Bobini hii ina kipenyo cha milimita 34, hivyo ikiwa imejaa, kila mzunguko unakusanya takriban sentimita 76 za mshipi, na kipimo hicho hupungua kadiri mshipi unavyotoka. Kwa mnyoo wa mpira, ambapo samaki huokota chambo na kuogelea kukujia, kasi hiyo ni msaada mkubwa, kwa sababu unapaswa kuukusanya mshipi uliolegea kabla ya kuvuta ndoana. Kwa chambo kinachopiga mbizi kina kirefu, rili ya 5.3 kwa 1 inayokusanya kama sentimita 57 ina nguvu zaidi na haichoshi kifundo cha mkono. Mtu wa rili moja achukue ya karibu na 7. Ya haraka anaweza kuizungusha polepole, lakini ya polepole haiwezi kumfikia samaki anayekimbilia kwako.

Breki ndizo zilizonifundisha mengi zaidi, na hapa ndipo rili hii inapostahili sifa. Ina kitufe cha kubana ekseli ya bobini, ina vipande vidogo vya breki vinavyotupwa nje na mzunguko na kusugua ukuta, na ina sumaku pembeni. Vile vipande hufanya kazi kwa ukali mwanzoni, bobini ikiwa na kasi kubwa, kisha hulegea haraka. Sumaku hushika kwa upole zaidi na huendelea kushika hadi mwisho wa safari ya chambo. Kuzipanga hufanywa upya kila unapobadilisha uzito wa chambo. Mimi hufungua vipande vyote vifanye kazi, huweka sumaku kwenye namba ya kati, kisha huinua fimbo na kukiachia chambo kianguke chenyewe. Kitufe nakibana hadi chambo kishuke bila pupa na bobini isimame mara chambo kinapogusa chini. Baada ya marusho kumi hivi ya upole ndipo nalegeza, hatua moja kwa moja.

Jambo moja karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi haikulisema: breki hupangwa kwa ajili ya hewa tulivu, na kazi iliyobaki ni ya kidole gumba. Mchana mmoja nilikuwa nikirusha gramu 14 vizuri kabisa, mgongo ukiwa kwenye upepo. Nilipogeuka kuelekea upande wa pili, bila kugusa chochote, rusho la kwanza lilisimama mita chache kutoka kwenye mtumbwi na bobini ikafura mshipi hadi ukagusa fremu. Upepo wa mbele ulikuwa umekipokonya chambo mwendo wake mapema. Sasa nikiukabili upepo naongeza sumaku hatua mbili, narusha chini chini, na kidole kinaigusa bobini kwa wepesi tangu chambo kinapofika kilele cha safari yake. Kabla hakijagusa maji, kidole kinaifunga kabisa. Geuza pia kifundo cha mkono wakati wa kurusha, ili mkono wa kuzungushia uelekee juu. Bobini huzunguka kwa uhuru zaidi namna hiyo, na kifundo hakipati shida.

Mshipi ukitatana, usianze kuvuta vitanzi kwa kucha. Bonyeza kidole gumba kwa nguvu juu ya rundo, zungusha mkono wa rili mara mbili au tatu huku umebonyeza, kisha achia bobini na uvute mshipi taratibu. Mara nyingi vitanzi vilivyopandana hunyooka na kutoka vyenyewe. Njia hii imeniokoa kwenye mitatano mingi kuliko mkasi.

Kwa anayejifunza ningependekeza mshipi wa nailoni wa pauni 15, kwa kuwa unavutika, ni rahisi kuutatua, na si hasara kubwa ukilazimika kuukata. Jaza bobini hadi ibaki kama milimita 3 kufika ukingoni. Ukizidisha, mizunguko ya juu hulegea kwa urahisi. Mshipi wa kusuka nautumia katika magugu mazito tu. Huo haushiki kwenye chuma laini cha bobini, bali huteleza wote kwa pamoja, kwa hiyo tanguliza mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake, na uukaze unapoujaza usije ukazama katikati ya mizunguko mingine samaki anapovuta.

Dragi, yaani sehemu inayouachia mshipi kwa ukinzani samaki anapokimbia, imetangazwa kuwa na nguvu ya kilo 8. Niliifunga kwenye mizani ya kuning'iniza, nikaikaza hadi mwisho, nikapata kilo 5 na nusu. Kutia chumvi namna hiyo sikukupenda, na ninakuhesabu kuwa dosari ya mtengenezaji, ingawa majini hakukunidhuru. Mshipi wa pauni 15 hubeba kilo 6.8, na dragi inapaswa kuachia karibu na theluthi ya hapo, kama kilo 2. Besi wa mdomo mpana mkubwa kuliko wote katika rekodi, aliyevuliwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa nchini Japani mwaka 2009, anayeshiriki rekodi na yule wa George Perry wa Georgia wa mwaka 1932, alizidi kilo 10 kidogo tu. Kinachohitajika ni dragi inayoanza kuachia bila kukwama, na hii inaanza laini kama siagi. Ilegeze kila unapomaliza kuvua, ili washa zake, yaani visahani vya ndani vinavyosuguana, zisibaki zimekandamizwa.

Chagua pia upande wa mkono wa rili kabla ya kulipa, kwa sababu rili hizi hazigeuzwi: ya kulia ni ya kulia milele. Mimi hurusha kwa kulia na kuzungusha kwa kushoto, hivyo fimbo haibadilishi mkono baada ya rusho, na nimeshawanasa besi waliokishika chambo kikiwa ndiyo kwanza kimetua.

Hitilafu kubwa ilitokea katika mwezi wa nne. Kile kipande kinachotembea mbele ya bobini kuupanga mshipi kilianza kusita upande wa kushoto, na mshipi ukawa unarundikana hapo kama kichuguu. Nilidhani gia zimeharibika. Nilipofungua kifuniko kidogo cha pembeni, nilikuta mchanga laini umechanganyika na grisi nyingi ya kiwandani kwenye mfereji wa ile skrubu ndefu, na jino dogo la shaba linalofuata mfereji huo lilikuwa limelika upande mmoja. Jino hilo huuzwa peke yake. Nilifuta grisi yote, nikaweka jino jipya na tone moja la oili nyepesi, kazi isiyofika dakika 10. Tangu hapo nausafisha mfereji huo kila baada ya safari tatu, na mshipi unalala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.