TAHADHARI: Patasi anayokuonyesha siyo anayokuuzia

Mafundi wa Kampala, hasa nyie mnaoanza kama mimi: kuna mchuuzi anapitapita karakana za Ndeeba na begi la patasi. Anatoa moja, anajinyoa nayo vinyweleo vya mkono mbele yenu, kisha anakupa seti ya patasi nne iliyofungwa kwenye nailoni. Juu yake anaongeza jiwe la kunolea, eti upande huu ni namba 1000 na ule 6000, yaani laini zaidi. Nikamtumia shilingi 90,000 kwa simu.

Wiki tatu nikanoa. Nilisawazisha mgongo wa patasi, nikashika pembe ya digrii 25, nikanoa mpaka makombo ya chuma yakajikunja upande wa pili, nikayatoa. Makali yalikuja. Lakini nikigonga mvule mara tatu tu, yanakunjika kama bati! Nikaamini ni mikono yangu mibovu. Hapo ndipo anapotuweza huyu bwana, maana mwanafunzi hujilaumu kwanza.

Mzee wa karakana ya jirani aliniuliza kama niliipeleka kwenye mashine ya kunolea ikageuka buluu, kwa sababu chuma kikipata joto hilo ugumu wake unakwisha. Sikuipeleka, nilitumia jiwe tu. Akachukua tupa, akaipitisha ubavuni, karibu na makali. Tupa ikala kama inakula msumari. Kwenye patasi yake ya zamani iliteleza tu. Kumbe zangu ni chuma laini kilichopakwa vanishi. Jiwe nalo nilililoweka usiku kucha, asubuhi maji mekundu, na pande zote mbili zinakwaruza sawasawa.

Nikampigia mchuuzi. Akanijibu, "Ssebo (bwana), umeiunguza kwenye mashine." Tangu hapo simu yangu hapokei.

Akija kwenu, mwambieni mnataka ileile aliyonyolea. Zile za kwenye nailoni zifunguliwe na zipitishwe tupa kabla ya pesa kutoka. Jaribuni karibu na makali, siyo karibu na mpini, huko hata patasi nzuri inaweza kuwa laini. Na jiwe lake liacheni. Mimi sasa nabandika msasa wa maji kwenye kipande cha kioo, naanza na 400, namalizia na 1000, na patasi ya kuazima inakata vizuri kabisa.

Zile nne bado ninazo. Moja nafungulia makopo ya rangi.