Gondola ya Kellogg mwezi wa Julai: uzoefu wangu, na jibu kwa wanaotaka ya Ngong

Wenzangu tunaopanda nao milima hapa Nairobi wameniuliza kama ile gondola niliyowatumia picha zake, yaani vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye kebo na kupanda mlima, inafaa kufungiwa safari, na wengine wanataka nasi tuwekewe yetu kwenye vilima vya Ngong. Inafaa, hata kama hujawahi kuvaa skii na huna nia ya kuvaa.

Iko Kellogg, mji mdogo katika jimbo la Idaho, Marekani, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Spokane, ambako mtoto wa kaka yangu anasoma. Mahali penyewe panaitwa Silver Mountain. Ni mlima wa wanaoteleza kwenye theluji, ila mimi na mama yangu tulienda Julai. Tuliondoka Nairobi na baridi yetu ya sweta mbili na manyunyu, tukakuta huko jua linawaka kama la Lodwar.

Kilichonivutia kwanza ni mahali gondola inapoanzia. Unatoka barabara kuu, unaegesha gari, unatembea kidogo, unapanda. Huhitaji kupandisha gari mlimani hata mita moja. Uwanja wa kuteleza ulifunguliwa mwaka 1968 kule juu, ukiitwa Jackass Ski Bowl, na kuufikia ilibidi ukabiliane na barabara ya kona kona katikati ya theluji. Mji ulikuwa ukila kwa mgodi wa Bunker Hill: risasi, zinki na fedha. Mgodi na kiwanda chake cha kuyeyushia madini vilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya watu 2,000 walibaki bila kazi. Wenyeji wakakubali kujiongezea kodi, serikali kuu ikatia mkono, na mwaka 1990 gondola ikaanza kupanda kutoka mjini hadi uwanjani kwa kebo moja ya kama kilomita 5. Hilo jina la zamani, Jackass, linamhusu punda. Inasimuliwa kwamba Noah Kellogg, mtafuta madini, aliyapata mwaka 1885 akimfuata punda wake aliyepotea, na wenyeji wenyewe wameandika kwenye kibao kwamba mji wao ulianzishwa na punda na unakaliwa na wajukuu zake. Watu wanaojitania hivyo hukosi kuelewana nao.

Turudi kwenye gondola. Kila kibanda kinabeba watu wanane. Kikiingia kituoni kinaiachia kebo, kinatambaa taratibu mlango ukiwa wazi, mnaingia na kuketi, mlango unajifunga, kisha kinaikamata kebo tena na kuchomoka. Mama ana goti linalomsumbua, nami nilikuwa nimejiandaa kumbeba ikibidi. Aliingia kwa starehe kuliko anavyopanda matatu za Ngong Road, ambako makanga anakuvuta mkono na gari limeshaondoka.

Tulipoanza kuning'inia aliuliza swali ambalo Mkenya yeyote angeuliza: "Na stima ikipotea?"

"Kuna injini ya dizeli ya akiba, nyanya," yule mtoto wa kaka yangu akamjibu.

"Ufunguo anao nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Mama akashika mkoba wake vizuri, akaangalia nje.

Safari ni kama dakika 20. Mwanzo unapita juu ya mapaa ya nyumba za watu, halafu misonobari mitupu, bonde baada ya bonde. Kuna kimya ambacho sikukitarajia. Unasikia upepo kwenye mwanya wa dirisha tu, mpaka mfike kwenye mnara: magurudumu yanayoshikilia kebo yananguruma juu ya vichwa vyenu, kibanda kinatikisika, kisha kimya tena. Kama unaogopa urefu, kaa upande unaotazama mlima, si bonde.

Kituo cha juu kiko mita 1,740 hivi kutoka usawa wa bahari. Fanya hesabu: hicho ni karibu kimo cha Nairobi. Mji wa Kellogg uko kama mita 700, kwa hiyo tumetoka kwetu tukashuka, halafu tukalipa nauli turudishwe kimo cha nyumbani. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Tofauti ni kwamba wao wako mbali sana kaskazini mwa ikweta, ndiyo maana kimo hichohicho kinawapa theluji ya miezi kadhaa na sisi kinatupa sukuma wiki mwaka mzima.

Na kimo ndicho kinachouzwa wakati wa kiangazi. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na waliokuja kukimbia joto la chini walikuwa wengi. Vijana wa baiskeli za milimani wanapanda nazo, wanaziteremsha kwa njia za msituni hadi mjini, wanarudi kwenye foleni wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Wengine walibeba ndoo ndogo za kuchumia matunda ya porini, madogo, ya rangi ya zambarau, matamu yenye uchachu. Mama alikula ya kutosha kumtia rangi ulimi. Yaani mtambo uliojengwa kwa ajili ya theluji unapata abiria hata theluji ikiwa haipo, kwa sababu kituo chake kiko kando ya barabara na haumuulizi mtu kama anajua kuteleza.

Sasa Ngong. Kila tukipanda vilima vyake na kufika kilele cha pili tukihema, hakosi mtu wa kusema tuwekewe gondola. Mimi nasema tusiwaige kwa pupa. Ikiwekwa getini juu, itawafaa wenye magari tu. Ingefaa ianzie Ngong mjini, pale matatu za 111 zinaposhusha watu, ili mama yangu na goti lake naye apande. Halafu kuna upepo. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hawakuisimika ile mitambo yao ya upepo pale kwa ajili ya mapambo, na gondola husimamishwa upepo ukizidi. Anayeota biashara hiyo aanze na hesabu ya siku ambazo kebo italala.

Mkipata nafasi ya kwenda Kellogg, hakikisheni kwanza siku za kufunguliwa, maana kiangazi gondola haiendi kila siku. Bebeni jaketi jepesi la kule juu na kofia. Nendeni asubuhi, na mnunue tiketi ya kukaa juu mpaka jioni. Anayetaka theluji asubiri Desemba hadi Machi, na huyo sweta mbili za Nairobi hazitamtosha.