Haiku kwa laptopu ya mtumba: wiki mbili za kuhamisha kaprogramu kamoja ka Linux

Kwanza mi si programa wa ofisi, niko na kameza ka kutengeneza laptopu hapa Luthuli, Nairobi, na C (lugha ya kuandika programu) nilijifunza usiku nikiwa na bando ya kulala nayo. Sasa kuna mteja aliniachia laptopu ya ramu giga mbili, akasema kaa nayo tu, Windows ikianza kuwaka unaeza enda kununua smoki na kurudi. Nikaitia Haiku, mfumo wa kuendesha kompyuta, beta ya 5 (toleo la majaribio), ile ya Septemba 2024. Sikuwa nimekaa vizuri kwa stuli na skrini iko tayari inaningoja.

Kwa wenye hawaijui, hii si Linux iliyovalishwa nguo zingine. Ni mfumo wake kivyake, ulianza 2001 ukiitwa OpenBeOS, na watu walioona BeOS, mfumo wa zamani, inakufa wakakataa kuizika. Wayafai ya hii laptopu haikuiona kabisa (draiva nyingi za wayafai wametoa kwa mfumo mwingine, FreeBSD, ya kwangu ikakosa bahati), nikachomeka simu kwa waya ya USB na intaneti ikaingia hapo hapo.

Shida ikawa programu. Niko na kaprogramu ka C ka kurusha faili kutoka mashine moja hadi nyingine hapa dukani, ka bure, kodi iko wazi, mwenye kukaandika alishakaacha kitambo, na kameandikwa kwa Linux tu. Nikasema nitakahamisha wikendi moja. Wapi.

Configure, ile skripti ya kukagua mashine kabla ya kujenga programu, ikakufa sekunde ya kwanza, faili yake ya config.guess ilikuwa nzee hadi haikujua iko kwa mashine gani. Hiyo ilikuwa rahisi, nilitoa mpya kwa folda ya automake (kifaa cha kutayarisha ujenzi wa programu) nikabandika juu ya hiyo. Ikaendelea, nikafurahi, halafu mwisho kabisa wakati wa kuunganisha vipande vya programu ikasema haioni socket, haioni connect, haioni chochote cha mtandao. Hapo nilikaa siku tatu nikibadilisha kodi (ya programu jamani, si ya nyumba) na kumbe kodi haikuwa na makosa. Kwa Linux hizo fankisheni ziko ndani ya libc, laibrari ya msingi (mkusanyiko wa kodi programu zinaazima), kwa Haiku ziko kwa laibrari yake inaitwa libnetwork, unaongeza -lnetwork kwa amri ya kuunganisha basi. Alafu kinyume chake, -lpthread unaitoa, juu hiyo laibrari haipo, mambo ya thredi (kazi za programu zinazoenda sambamba) yako ndani ya libroot, laibrari ya msingi ya Haiku, tayari. Siku tatu kwa sababu ya neno moja, na fundi wa meza ya pili ananiangalia tu, "Kaka, si uweke Windows tuendelee na maisha?"

Make install, amri ya kuweka programu mahali pake, nayo ikagoma. Nikaandika sudo (ya kuomba ruhusa ya msimamizi), haina sudo, mtumiaji ni mmoja na ndiye mwenye nyumba. Nikajaribu kuweka ndani ya /boot/system, ikakataa tena, hapo ni pa kusoma tu, vitu vyote vinatoka kwa pakeji. Za kujikompailia mwenyewe zinaenda /boot/home/config/non-packaged, jina refu lakini sasa nalijua kama namba ya kitambulisho.

Penye nimependa sana ni haikuporter, kifaa cha kugeuza programu kuwa pakeji ya Haiku. Unaandika resipi moja: programu inatoka wapi, inahitaji nini, inajengwa aje, na viraka vyako (mabadiliko ya kodi) unaviweka kando, inakutolea faili ya hpkg, ndiyo pakeji yenyewe. Hiyo hpkg nikaiangusha kwa folda ya packages na kaprogramu kakatokea hapo hapo, hakuna kuinstoli, hakuna kungoja. Nikaitoa, kakapotea. Nikairudisha. Nilifanya hivyo kama mara tano nikicheka peke yangu, fundi jirani akaniuliza kama niko sawa.

Ukihesabu, ndani ya kodi yenyewe niligusa laini nne. Zingine zote ilikuwa ni kupigana na mazoea ya Linux yenye mtu aliandika ndani ya Makefile (faili ya maagizo ya kujenga programu) bila kufikiria kuna mtu mwingine duniani. Maelezo ya haikuporter nayo ni mafupi mno, kama hujawahi kompaili kitu utalia.

Naipa saba kwa kumi. Laptopu bado iko kwa meza inarusha faili kila siku, na simu yangu bado imefungwa kwayo na waya, so ukinipigia nikikawia kushika ujue niko nimeinama chini ya meza.